Maharagwe ya Msituni

Brooklyn Center, Februari

Kaka Onesphore,

Huku theluji bado ipo. Binti yangu Gentille nikimsemesha Kiswahili ananijibu Kiingereza, nami nashinda kazini Richfield nikimwogesha bibi wa Kizungu ambaye jina langu limemshinda kutamka.

Sauti uliyonitumia nimeisikiliza. Wakubwa wa chama chenu wanakuja huku Minnesota, na unataka niwapikie maharagwe kama yale niliyokuwa nawabebea msituni, enzi zile mkiwa bado waasi wa Kihutu. Unasema watafurahi kukumbuka.

Hata mimi nakumbuka. Mliposhika serikali, vijana wenu walikuja kumchukua Sosthène wangu kwa sababu alikataa kadi ya chama. Nilikupigia simu, mheshimiwa mbunge, ukaniambia uko kikaoni. Mume wangu hajarudi mpaka leo, na wewe hujawahi kuniuliza habari zake.

Sipiki, kaka. Mlikuwa mnakula maharagwe yangu huku mkiniapia kwamba mnapigana ili tusikimbie nchi yetu tena. Hao wageni wako wakifika, waulize mpishi wao alifikaje Minnesota.

Ni mimi, wa tumbo moja na wewe,
Pascasie