Maini ya Bata Nilimupa Agnès

Elisabethville, siku ya Mungu, mwezi wa nane 1961

Na ile maini nilimupa yeye! Kwetu maini ya bata ni ya baba wa nyumba, lakini leo niliiweka kwa sahani ya Agnès, sababu ni marene wa mutoto wangu, yeye alimushika kwa batizo.

Alikula yote, na vitunguu yake. Akanawa mikono, akaangalia madirisha.

"Mama Ntumba, mukienda, muache mapazia."

"Kwenda wapi?"

"Kwa kambi ya wakimbizi, na Bakasai wengine wenye kufukuzwa. Bwana yangu aliomba hii nyumba kwa wakubwa wa komini, kule ofisi ya mutaa. Walikubali."

"Tangu lini?"

"Tangu Pasaka."

Tangu Pasaka! Na kila juma alikuwa anakuja kula hapa.

Nilimufungulia mulango. Mutoto akamukimbilia, naye akamubusu.

Bwana yangu aliporudi nilimupa paja na bukari ya unga ya mahindi. Akauliza maini iko wapi. Nilisema paka aliiba, naye akacheka. Akicheka vile, ningemuambia nini? Akijua, ataenda kugombana kwa Agnès, na majandarma, askari wenye kukamata Bakasai, wako kila njia.

Kesho nitamuambia. Leo alale kwanza kwa nyumba yake.