Kidole Kipite

4 Mei

Shikamoo dada,

Habari za hapo nyumbani? Mimi mzima, mafua tu, nayo yanaaga. Barua yako ya ugonjwa wa Baba nimeipata. Nakuja.

Ila nakuja na baiskeli yangu, ile ile Baba aliyoicheka mbele ya wateja wa karakana yake, akasema niliyoiunda mimi haiwezi kubeba ndoo mpaka bombani. Miaka minne kicheko kile hakijanitoka. Ni siku tisa za vumbi na kokoto, na kilo arobaini za vifaa vyangu kwenye keria. Nataka anione naingia nayo langoni.

Wewe ndiye fundi siku hizi, nishauri: zatosha tairi nilizonazo za inchi moja na nusu, au nitafute za mbili?

Mdogo wako

15 Mei

Marahaba mdogo wangu,

Mimi sijambo, mgongo tu, maana karakana yote iko juu yangu. Baba hajambo ya kusema tu. Miguu imevimba na chakula anakitazama.

Nilimsomea barua yako. Kwenye kicheko aligeukia ukutani. Kwenye tairi akaomba nimkalishe. Anasema inchi mbili, na upepo usijaze mpaka zigonge kama jiwe. Nyembamba na mzigo huo zitazama mchangani na kukukatia spoku. Kisha upime: kati ya tairi na fremu kidole kidogo kipite, la sivyo tope likiingia gurudumu halizunguki.

Hayo ni ya fundi. Ya dada yako ni haya: basi ni siku moja. Panda. Kiburi si keria, hakibebi kitu.

Dada yako

6 Juni

Shikamoo dada,

Poleni na kuuguza. Mafua yamekwisha. Tairi za inchi mbili nimezipata, lakini kidole hakipiti. Fremu niliiunda finyu. Hilo usimwambie Baba.

Nimeagiza foki pana ya kushika gurudumu la mbele, na fundi wa vyuma atatanua nyuma. Kasema wiki tano. Basi sipandi. Nikishuka na begi mkononi atakuwa ameshinda. Mwambie anisubiri.

Mdogo wako

30 Juni

Mdogo wangu,

Leo sikuulizi hali. Baba tumemzika Jumanne.

Ya kidole nilimwambia, ingawa ulinikataza. Hakucheka. Alisema, “Mwandikie afunge hizo tairi nyembamba, aondoke leo. Mchangani atasukuma, spoku mbili tatu zitakatika, lakini atafika.” Baba huyo huyo, aliyekuwa radhi kumkosa mteja kuliko kumwacha atoke na tairi isiyoufaa mzigo wake.

Niliandika kama alivyosema. Barua sikuituma. Nilitaka ukwame kabisa, upande basi kama watu. Wewe ulisubiri foki, mimi nikasubiri kiburi chako kiishe, na yeye akatusubiri sote wawili. Kosa langu nitalibeba, nalo ni zito kuliko kilo arobaini. Lako libebe wewe.

Siku zile za mwisho kila kengele ya baiskeli ilipolia nje alinitazama usoni, nami nikawa natoka kuangalia huku najua si wewe.

Barua yenyewe nimeitia humu ndani. Chini kabisa utaona mkwaruzo wa kalamu. Aliweka sahihi mwenyewe.

Sasa huna haja ya basi. Subiri foki yako, funga za inchi mbili, kama alivyosema mwanzo.

Dada yako