Kitabu cha Saba cha Zandaro

Marangu,
17 Septemba 2024

Kwako Kornelia,

Bwana asifiwe; au niseme kwa namna ya kwenu, Tumsifu Yesu Kristu. Natumaini wewe, mume wako na watoto hamjambo huko Chekereni, na mpunga unawaendea vizuri. Sisi huku ni wazima. Mama analalamika magoti, ila mdomo wake hauna ugonjwa wowote.

Najua ukiutambua mwandiko huu utatafuta kiberiti. Soma kwanza, kiberiti hakikimbii. Nilimwomba Stella, tuliyesoma naye, namba yako ya simu, akaniambia umemkataza kumpa mtu yeyote wa kwetu, na mimi ndiye wa kwanza. Sikumlaumu. Barua hii nampa Denis wa duka la mchele, ambaye anakuja huko kwenu kila baada ya wiki mbili kuchukua mzigo.

Jumapili ilikuwa sikukuu ya mavuno usharikani. Unaujua mnada wetu: watu wanatoa ndizi, mayai na kuku kuwa sadaka, kisha vinauzwa pale pale nje ya kanisa. Mama alitoa mkungu wa ndizi na boksi moja la vitu vya darini ambalo hata hakulifungua. Mzee wa kanisa, Wilson, akalifungua mbele ya watu, akainua kitabu juu. "Vitabu vya Kizungu! Vya kusoma, ama vya kufungia karanga!" Mama mmoja muuza karanga akataja bei hapo hapo. Kornelia, nikaiona ile meli ya kijivu kwenye jalada, meli yetu Hesta, na mbele yake Nahodha Orva na kovu lake shavuni. Nikapiga kelele kama mtu aliyekwapuliwa mkoba. Nilimpandia yule mama bei mpaka akaniachia kwa huruma.

Nilijua kwamba vitabu vya Zandaro nyumbani vipo sita. Nilipovihesabu kwenye nyasi nikakuta saba.

Cha saba, kile ambacho nilisema hukukirudisha. Ukurasa wa mwisho kuna penseli yako, maana tulikuwa na tabia ya kuandikiana pembeni: "Nimemaliza leo, 21 Juni 2009. Zamu yako, Eli. Ukifika sura ya thelathini uwe na leso." Nilikaa chini na gauni langu la kanisani.

Nyumbani nilimuuliza mama, akaanza kuzungumzia ng'ombe. Nikamwekea kitabu mapajani. Ndipo akasema. Ulikileta siku mimi nimekwenda kukata majani ya ng'ombe, ukamkabidhi yeye mkononi. Mtihani wa moko ulikuwa umekaribia, akaona nikikipata sitasoma kitu kingine, akakificha darini. Kisha mimi nikasimama darasani, mbele ya kidato cha nne chote, nikakuita mwizi. Kisha Mzee Leodegar, baba yako, akaja kwetu na mbuzi kuomba radhi kwa niaba yako. Mama anasema mbuzi alipokwisha kufungwa kwenye nguzo, ulimi ulimwia mzito, na kila mwaka ukazidi kuwa mzito.

Miaka kumi na mitano, Kornelia. Ulisema kweli na mimi nikakuharibia jina. Naomba unisamehe. Sijui niandike nini zaidi.

Ni mimi dada yako wa zamani,
Elinipendo


Marangu,
9 Oktoba 2024

Dada Kornelia,

Salamu tena. Habari za huko na habari za joto? Huku ukungu unashuka mpaka kwenye migomba na mama anaota moto tangu asubuhi.

Denis anasema barua uliipokea, ukaiweka mfukoni bila kuifungua, ukaendelea kupepeta mpunga. Nimesubiri wiki tatu. Huenda umeisoma, huenda umewashia jiko.

Ndani ya bahasha hii nimeweka jani la isale. Nimelikata kwenye mpaka wa mashamba yetu ya ndizi, kihamba chetu na chenu, nikalifunga fundo kama wazee wanavyofunga mtu anapoomba msamaha. Unajua kwamba anayeletewa hakatai.

Kitabu nimekimaliza. Siku ile sikukamua ng'ombe mpaka akaja mwenyewe dirishani kunidai. Kuhusu leso ulisema kweli. Orva anapoigeuza Hesta kuelekea ndani ya lile wingu, na fundi wake Juk anajifungia kwenye chumba cha injini ili asitolewe, nilisema kwa sauti, "Mjinga huyu!" Nikageuza ukurasa, nikakuta umeandika: "Eli atasema Juk ni mjinga. Si mjinga, anampenda." Nilicheka huku nalia.

Unakumbuka tulivyokwenda mjini, mtaa wa Soweto, kuitazama filamu yenyewe ya Zandaro kwenye banda la video? Tulikuwa tumesoma vitabu vyote sita, vile mjomba Jesse alivyoachiwa na mgeni wake aliyempandisha mlimani, wakati wenzake wa kazi wakigombea viatu vya mgeni huyo. Cha saba bado kilikuwa kwa mjomba. Tukakaa saa mbili nzima tukimsubiri Orva. Hakutokea. Si yeye, si Juk, si Hesta. Ukasimama ukamuuliza mwenye banda kama diski imeruka. Hatukujua kwamba watu wetu walitungwa kwa ajili ya vitabu tu, kwamba kwenye filamu hawakuwahi kuwepo.

Sasa sikia. Nimesoma kwenye simu kuwa wenye Zandaro wametangaza vitabu vyote vya zamani havihesabiwi tena. Wanatengeneza filamu mpya na hadithi inaanza upya, na yale ya kwenye vitabu ni kama hayakutokea. Nimekasirika sana na hapa sina mtu wa kumweleza. Nilimweleza mjomba Jesse, akaniuliza kama nimekula.

Nijibu hata mstari mmoja, hata wa matusi.

Dada yako,
Elinipendo


Chekereni,
14 Oktoba 2024

Elinipendo,

Hatujambo. Barua zote mbili nimezisoma.

Umenitumia isale kwenye bahasha. Isale haiji na gari la mchele. Mtu anaibeba mwenyewe, kwa miguu, majirani wakimwona. Wewe umempa Denis ili mimi nisiweze kukataa na wewe usionekane. Huo ni ujanja wako ule ule wa shule. Nakurudishia. Najua hairudishwi, lakini nimeirudisha.

Nikueleze kilichofuata, maana wewe uliishia darasani. Ufunguo wa maktaba nilinyang'anywa wiki ile ile. Bweni zima, kalamu ya mtu ikipotea, begi langu ndilo lililofunguliwa. Hayo yangeisha. Nyumbani ndiko hayakuisha. Redio ya baba ilipopotea, aliniangalia mimi kwanza, kisha akaona aibu akaangalia pembeni. Ilikuwa kwa fundi, kaka Basili aliipeleka.

Baba hakunipiga wala hakunitukana. Alinisamehe. Hilo ndilo lililoniumiza kuliko yote. Alinisamehe kitu ambacho sikukifanya, na kila Jumamosi aliniombea kwenye rozari kwa jina, mbele yangu, kwa upole. Nilimwambia mara tatu kwamba kitabu nilikirudisha. Mara ya tatu akasema, "Mwanangu, yamekwisha." Sikumwambia tena.

Krismasi watu wanatoka Dar es Salaam, wengine Mwanza, kuja kula nyumbani. Mimi niko hapa bondeni, mlima nauona nikiwa naanika mpunga, na siendi. Natuma mchele.

Kuhusu Zandaro. Eti hayakutokea. Yanaachaje kutokea na sisi tuliyasoma? Mimi nilisimama mlangoni kwenu, nikampa mama yako kitabu, akanipa ndizi mbivu mbili nile njiani. Kisha kila mtu niliyemjua akaniambia halikutokea. Kwa hiyo hao wenye filamu hawanitishi. Orva aliingia kwenye lile wingu. Nilikuwepo.

Kwangu usiombe radhi kwanza. Nenda kwa baba. Ana miaka themanini na miwili na kifua chake si kizuri. Sitaki afe akiwa bado amenisamehe.

Mama Fabian


Marangu,
4 Novemba 2024

Mpendwa Kornelia,

Salamu nyingi. Natumaini mko salama wote. Mimi ni mzima, nimechoka tu, na ukisoma utajua kwa nini.

Nimekwenda. Nilichelewa kwa sababu niliogopa, sitakudanganya. Mara mbili nilifika kwenye mfereji nikageuka nikisema nimesahau kitu. Mwishowe nikachagua Jumamosi, siku ambayo jumuiya yenu ilikuwa inasali kwa baba yako, ili nionekane vizuri kama ulivyotaka. Nimeonekana. Mluteri mbele, ameshika isale kwa mikono miwili, na nyuma yake mama na fimbo yake, anamvuta mbuzi ambaye hakutaka kwenda. Wale wanajumuiya waliacha rozari katikati.

Nikasema, "Shikamoo baba." Nikapiga magoti nikaeleza. Baba yako akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Rudia kwa Kichagga. Jambo kama hili nataka kulisikia kwa lugha yangu." Nikarudia. Kwa Kichagga ilikuwa ngumu zaidi, Kornelia, maana hakuna pa kujificha. Mama naye akasema ya kwake, kwamba alikipokea kitabu kwa mkono wake na mbuzi akampokea akijua. Alitetemeka. Nilidhani ataanguka.

Mzee akaomba kuona penseli yako. Akaigusa ile tarehe kwa kidole. Mama Monica, katibu wa jumuiya, akasoma kwa sauti, na alipofika kwenye leso watu wakacheka kidogo, kisha wakanyamaza kwa sababu baba yako alikuwa analia waziwazi, bila kujifuta.

Akaipokea isale. Mbuzi akamkataa, akasema mama arudi naye, mwenyewe hana meno ya kumla. Halafu akasimama, akawageukia wanajumuiya wote, akatangaza kama mtu anayetangaza harusi: "Mmesikia? Kornelia hakuiba. Nendeni mkaseme." Akawaambia warudie, na wakarudia. Mama Monica ameandika kwenye daftari la mihutasari.

Nilidhani sasa atafurahi. Akakaa akaniuliza, "Na mimi je? Nani atanibebea isale kwa mwanangu?" Nikamwambia, baba, mzazi hapeleki isale kwa mtoto, haijawahi kusikika. Aliuliza tu Denis anaondoka siku gani.

Nimeona nikwambie mapema. Sina uhakika kama barua itatangulia.

Mdogo wako,
Elinipendo


Chekereni,
13 Novemba 2024

Kwako Eli,

Tumsifu Yesu Kristu, na Bwana asifiwe pia. Mama magoti yanaendeleaje? Sisi hatujambo kabisa, na neno hilo leo naliandika kwa maana yake.

Barua haikutangulia. Ilifika pamoja naye. Nilikuwa naanika mpunga uwanjani, nikaona pikapu ya Denis inakuja polepole, kisha nikaona kofia ya baba kwenye kiti cha mbele. Nikajua kuna msiba. Denis akazunguka kumfungulia mlango, baba akashuka, koti la harusi ya Basili, viatu vimepakwa rangi, na mkononi isale mbichi. Denis anasema tangu Marangu aliishika hivyo, ameinyoosha juu, akakataa kuishusha hata kwenye matuta ya barabara.

Nilimkimbilia kumzuia. Nikamwambia, "Baba, hapana, mzazi hamletei mtoto isale." Akasema, "Shika, mama, mkono unachoka."

Nikashika.

Akaniambia, "Uliniambia mara tatu." Alikuwa amezihesabu, Eli. Nilidhani hata moja haikuingia. Akasema anajua ni tatu kwa sababu kila mara alitaka kuniamini, na kila mara alimwona yule mbuzi aliyekwisha kumtoa, akaogopa kwamba alijidhalilisha bure. Nilimwambia nimemsamehe, na nikashangaa kuona ni kweli. Tulilia hadharani hapo, kuku wakila mpunga wetu bila mtu wa kuwafukuza.

Amekaa kwangu siku tano. Amemwambia mume wangu, akamwambia mwenye mashine ya kukoboa, akamwambia mgawa maji wa mifereji ambaye hata hajui ni kitabu gani. Jana aliniuliza hicho kitabu kilihusu nini hata kikatugharimu hivyo. Nikamsimulia Zandaro yote, kuanzia Hesta inapoibiwa bandarini mpaka kwenye wingu. Nilipomaliza akauliza, "Huyo Juk walimzika?" Nikamwambia kitabu hakisemi. Akakasirika kuliko wewe.

Kuhusu wewe. Hasira bado ninayo kidogo, kama ya mwezi mmoja hivi. Nimekadiria itakuwa imekwisha Desemba. Mama yako mwambie sina neno naye, alishatetemeka mbele za watu, inatosha. Namba yangu nimemruhusu Stella akupe, ila usinipigie asubuhi, nakuwa shambani.

Kuna jambo ambalo sijawahi kumwambia mtu. Miaka yote hii, nikilazimika kuja kwa mazishi, nilikuwa nashuka kwenye gari kabla ya Marangu Mtoni, napita chini chini kwenye mibuni mpaka uani kwa baba, nikiwa nimejifunika kanga kichwani, na natoka hivyo hivyo. Nimezijua nyumba zote za kijiji chetu kwa migongo yake.

Krismasi hii tunakuja sote. Nitashuka Marangu Mtoni mchana, siku ya soko, nipande kwa njia kubwa, kwa miguu, kichwa wazi, nikimsalimu kila mtu kwa jina lake.

Dada yako,
Kornelia