Wifi Kasoma Kitabu Changu

Ijumaa, Konde. Mvua inanyesha tangu alfajiri na haina dalili ya kukata. Roho yangu chungu kama shubiri.

Mwaka unakwenda tangu riwaya yangu itoke, na sijapata hata mtu wa kuniambia kuwa ni mbaya. Bangili zangu za harusi niliziuza nikampa mchapaji wa Unguja. Vikaja vitabu, vimejaa chini ya kitanda hadi mume wangu hana pa kuweka viatu. Walimu wenzangu skuli niliwapa bure. Wakashukuru. Mmoja kakifanya kifuniko cha kikombe chake cha chai.

Ningesema watu huniuliza kwa nini naandika, lakini ningekuwa muongo. Hakuna anayeuliza.

Leo, watu walipotoka msikitini, akaja Raya, dada wa mume wangu, kutoka Gando. Buibui lake limerowa chapachapa, na kwapani kabana kitabu changu. Nilimpa siku ya Idi, nikijua atakitia kabatini na sahani za wageni.

"Wifi, nimekukosea nini miye?" akaniuliza, kasimama pale pale mlangoni.

"Kwani kuna nini? Pita ndani, unarowa."

"Siingii. Umenianika juani kama karafuu, kila apitaye anione."

Hapo nikafahamu. Riwaya yangu ni ya mwanamke ambaye mumewe alikwenda Arabuni kutafuta kazi, akaoa huko, akanyamaza kimya hadi ndevu zikamgeuka nyeupe. Mume wa Raya alikwenda Maskati akamwacha na mimba. Mtoto yule sasa ana mtoto wake, na baba hajarudi.

Nikamwapia kwamba sikumkusudia yeye, kwamba wanawake wa namna ile wamejaa kisiwa hiki.

"Wamejaa," akasema, "lakini wifi yako ni mmoja."

Nikadhani amemaliza. Akafungua kitabu, akanionesha ukurasa wa mwisho.

"Na hapa umeharibu kabisa. Bwana karudi mzee, mgonjwa, kapiga hodi, na huyu mwanamke kamfungulia. Kwa nini?"

"Kwa sababu bado anampenda."

"Nani kakwambia? Ungekuja ukaniuliza. Miye nisingefungua."

Akakibana tena kitabu kwapani, akaondoka nacho mvuani, wala hakuniaga.

Kabla ya alasiri mume wangu keshapigiwa simu. Kaniambia neno moja tu: nimemliza dada yake kwa mahadithi yangu. Mahadithi! Kisha akala, akanawa, akatoka.

Nilitaka msomaji. Nimempata.

Kinachoniuma si hasira zake. Kinachoniuma ni kwamba kasema kweli. Ukurasa ule niliuandika nikijua kuwa ni uongo mtamu. Nilimfungulia yule bwana ili wasomaji wafurahi, wafunge kitabu wakitabasamu. Wasomaji gani? Nimewabembeleza watu ambao hawapo, na yule mmoja aliyekuwapo nikamdanganya habari za maisha yake mwenyewe.

Basi nimekaa jikoni, nimeuandika upya. Bwana anapiga hodi. Mwanamke anaijua sauti. Anaendelea kukuna nazi. Bwana anapiga hodi tena, na nazi inaendelea kukunwa, mpaka kifuu kinabaki kitupu, na nje hakuna tena mtu.

Nimeusoma kwa sauti, nikasisimka mwili. Haijanitokea hivyo tangu nianze kuandika.

Hautachapishwa; sina cha kuuchapishia. Mume wangu hatausoma, skuli hawatausoma, na Raya pengine hataki tena kuona mwandiko wangu. Ningekuwa na akili ningeacha, nikashona vitambaa vya meza kama wenzangu, watu wangenisifu kila Idi.

Kesho, inshallah, nitakwenda Gando kumwomba radhi wifi yangu. Nitamwomba kwa moyo wangu wote.

Lakini ukurasa siufuti.