Karai la Obiero na Kiraka Chako

Kaloleni,
Kisumu.
14 Septemba 2024

Mpendwa shemeji Calvince,

Pokea salamu zetu za hapa Kaloleni. Joto la Lodwar likoje? Na mgongo wako, umepata nafuu, au bado mnabeba mabomba ya visima kwa mabega? Sisi ni wazima. Mama yetu Adero analalamika magoti, lakini Jumapili alikwenda kanisani kwa miguu yake na kurudi akiwasema wanakwaya, kwa hiyo najua hajambo.

Naandika kwa sababu kila nikimtaja marehemu kaka yako Obiero kwenye simu unaniuliza habari za mvua, nami nakujibu za mvua, kisha tunaagana. Barua unaweza kuiweka kando ukaichukua tena.

Kuna msichana wa hapa mjini anaitwa Nuha, anafanya kazi katika makumbusho. Wanakusanya habari za wachimbaji wa dhahabu wa pande za Siaya, kabla mashimo ya zamani hayajafukiwa na waliochimba hawajaisha. Anakwenda nyumba kwa nyumba na kinasa sauti. Mimi aliniuliza jinsi sisi wanawake tulivyokuwa tukiponda mawe, nani alitushikia watoto, na kama tuliimba. Nilimwambia hatukuimba, tulisengenya. Akaandika hilo pia.

Kisha akaliona karai la Obiero, lile alilokuwa akioshea mchanga mtoni. Alilipiga picha juu na chini, ameweka rula kando yake. Niliona aibu kwa kile kiraka chako cha bati la mkebe wa mafuta ya kupikia. Nikamwomba anipe siku mbili nilipeleke kwa mafundi wa soko la Kibuye walitie bati jipya, nami nilisugue ling'ae.

"Mama, nakuomba, usilisugue," akasema. "Sisi hatung'arishi kitu. Tunatoa vumbi kwa brashi laini, tunakifunga kwa karatasi nyeupe, tunakiweka mahali pakavu. Kiraka hiki alikitia nani?"

"Mdogo wa mume wangu."

"Basi jina lake litakaa pamoja na la Mzee."

Ikabidi nimweleze kwamba karai si langu. Wewe uliitwa kazini baada ya mazishi, kabla vitu vya marehemu havijagawanywa. Koti alipewa rafiki yake Wanyonyi, baiskeli akapewa mwanangu Byron, na Mama Adero akasema karai ni la Calvince. Tangu siku hiyo nakutunzia. Nimelifudikiza kando ya mlango, kama alivyokuwa akiliweka mwenyewe.

Kwa hiyo siwezi kulitoa bila neno lako. Nuha anasema unaweza kuwapa kabisa, au kuwaazima na kulichukua utakapolitaka. Maonyesho yanafunguliwa Desemba. Mimi ningependa liende, watu walione. Lakini ukisema libaki, litabaki hapo hapo mlangoni, wala sitakuuliza sababu.

Jambo moja zaidi. Unakumbuka utani wake. Akirudi mtoni mikono mitupu alikuwa akisema, "Dorca, leo Calvince amekula tena. Dhahabu yote imepitia kwenye kiraka chake." Ulikuwa ukicheka naye. Lakini siku ya mazishi nilikuona umeliinua lile karai, unapapasa kiraka kwa kidole.

Jana nilimuuliza Nuha kama maji safi yataliharibu. Akacheka. "Maji, Mama? Hilo limeishi mtoni." Basi jioni nikaliweka juu ya matofali, nikatandika gazeti chini yake, nikalijaza maji mpaka juu. Nikapika omena, tukala, Byron akaosha vyombo huku akinung'unika kama kawaida yake. Ndipo nikainama, nikalivuta lile gazeti.

Lilikuwa kavu, shemeji. Hukula kitu.

Msalimie mkeo Maryanne, mwambie kitambaa alichoniomba nimekipata. Mama Adero anakusalimu, anasema uvae kofia. Mungu akutangulie kazini huko na akurudishie usingizi ambao Maryanne anasema umekupotea. Nangoja neno lako, liwe lolote.

Wako akupendaye, mke wa ndugu yako,

Dorca