Kitabu cha Dokta na Shamba la Ukoo

Jumatatu, 3 Machi
Napalilia migomba tangu alfajiri. Dokta wa uchumi kafika kutoka chuoni, Morogoro Mjini. Shikamoo yake safi. Anaandika kitabu: wanafikra wa kale walisema nini juu ya mali, na mtu anakuwaje mwenye kitu. Kaja kwangu. Milima yote hii ya Matombo, amuulize nani mwingine?

Jumatano, 5 Machi
Kasema kuna wa zamani walioandika kwamba ardhi ni ya aliyeitolea jasho. Nikamwambia hata mimi nasema hivyo, bila shule. Shamba langu. Mikarafuu yote nimepanda kwa mikono hii. Nitawaachia wanangu.
Kauliza, si ya ukoo? Kwetu ardhi inapita kwa mama. Wanangu ni wa ukoo wa mama yao, mimi mtunzaji tu wa ardhi ya ukoo wangu. Najua. Nikamjibu hayo yamepitwa na wakati. Kaandika. Nikajiona mkubwa.

Jumamosi, 2 Agosti
Kitabu kimetoka. Picha yangu imo, nimeshika jembe. Nimekipitisha nyumba kwa nyumba. Kusoma kwangu kwa kukokota, sikufika mbali. Kakiazima Regina, mtoto wa dada yangu Skola. Mwalimu.

Jumapili, 10 Agosti
Kikao cha ukoo, baada ya misa. Regina kasoma ukurasa wangu mbele ya wote.
"Mjomba, shamba unawapa wanao. Sisi tukalime mwezini?"
Wakacheka. Mtani wetu kadakia, "Mwacheni, karafuu zimempanda kichwani."
Skola hakucheka. Kasema utunzaji nivuliwe, apewe Regina. Wote wakaitikia. Wajinga. Nani anaujua mlima huu kama mimi?

Jumanne, 12 Agosti
Nimeshuka mjini. Nimemwambia Dokta afute. Kasema kilichochapwa kimechapwa. Ati mimi ndiye mfano wake bora. Nikamwambia kanisingizia. Kafungua simu aliyonirekodia siku ile, nikasikia: "Ukoo ni hadithi za mabibi." Sauti yangu kabisa, na kicheko juu.
Namchukia hata hivyo.

Jumamosi, 16 Agosti
Nimemwonyesha Regina mipaka. Upande wa kijito hakuna alama, iko kichwani mwangu tu. Ningeweza kumpunguzia hatua hamsini, zikabaki kwa wanangu. Yeye anangoja.
Nikamwambia ni mpaka kule, kwenye jiwe jeusi. Sikupunguza hata hatua.
"Ahsante, mjomba."
Tukashuka. Yeye mbele.