Hoteli ya Jumapili Sebuleni Kwetu

Mshauri mpendwa,

Nakusalimu kwa heshima na naomba unisaidie, maana nimefika mahali nimekwama na sina wa kumwambia. Nakusoma kila wiki kwenye magazeti ambayo wageni huyaacha mezani, kwa sababu kazi yangu ni uweita, huu mwaka wa kumi na sita niko kwenye ukumbi wa sherehe wa hoteli moja kubwa, na nakuomba usinicheke, kwa kuwa nitakalokueleza linaweza kuonekana la kitoto, lakini limeingia katikati yangu na mama watoto, na sasa ni wiki ya tatu nyumba imenuna.

Ilianza hivi. Mwaka jana hoteli ilipunguza zamu, tukawa tunaenda kazini siku nne tu kwa wiki, na siku zikipungua mshahara nao unajua unavyofanya, na mimi nina mabinti wawili, mkubwa ana miaka kumi na tatu, mdogo ana sita na tunamwita Meneja kwa jinsi anavyopenda kutoa amri, basi kila Jumatatu walikuwa wanarudi shuleni na habari kwamba fulani kapelekwa na wazazi wake mahali kula aiskrimu, fulani kapanda bembea hadi kizunguzungu, na mimi najifanya natafuta kitu kabatini. Siku moja Meneja akaniuliza, "Baba, wewe unawapelekea chakula watu wote. Sisi utatupelekea lini?" Mshauri, swali lile lilinikaa kooni siku nzima.

Jumapili iliyofuata nikatoa koti langu jeupe la zamani, lile lililobadilika rangi kwenye kola, nikalipiga pasi, nikavuta meza katikati ya sebule, nikatandika shuka safi, nikakunja leso za karatasi umbo la feni kama tunavyozikunja kazini, na nyuma ya kalenda ya zamani nikaandika menyu. Chakula chenyewe kilikuwa wali, maharage na kabichi, lakini nilivyoviandika ungedhani wanakuja mabalozi: Maharage ya Bwana Harusi, Wali wa Mawinguni, Kabichi Iliyovaa Nyanya. Nikawatoa watoto nje, nikafunga mlango, nikawaambia wabishe hodi.

"Mmeweka nafasi?" nikauliza.

"Ndiyo," akasema mkubwa, uso umekauka kama mke wa waziri. "Meza ya watu wawili. Karibu na dirisha."

"Mna bahati, meza zetu zote ziko karibu na dirisha," nikamjibu, maana meza ni moja na dirisha ni moja.

Meneja akaishika menyu juu chini, akakohoa, akasema anataka kitu ambacho hakipo. Nikainama, nikamwambia, "Samahani mheshimiwa, kisichokuwepo kimeisha tangu asubuhi." Walicheka mpaka mkubwa akamwaga maji. Na mama watoto, ambaye ni fundi cherehani na Jumapili ndiyo siku pekee mashine yake inanyamaza, alikuwa jikoni akinipitishia sahani nyuma ya pazia, mimi nagonga kikombe kwa kijiko, "Meza ya kwanza!" naye anajibu, "Inakuja!" na namsikia anacheka hukohuko. Nilijiambia, kumbe furaha haihitaji nauli.

Tukawa tunafanya kila Jumapili. Bili hailipwi kwa pesa, inalipwa kwa kusimulia jambo moja la kweli lililokupata wiki hiyo, na ndivyo nilivyokuja kujua kwamba binti yangu mkubwa alikuwa anakaa peke yake wakati wa mapumziko kwa sababu wenzake walilicheka begi lake lililoshonwa kwa uzi wa rangi nyingine, nilikuwa nimesimama na sahani mkononi, nikasahau kuiweka mezani. Kesho yake nilikwenda shuleni. Nisingejua, mshauri, nakuapia. Baadaye wakaanza kuja watoto wa jirani, viti vinne havikutosha, wengine wakakalia ndoo, menyu ikarefuka, chapati, viazi, mayai siku ya mayai, na mimi nikaona nimefanikiwa, mtu mwenye mfuko mwepesi lakini nyumba yake ndiyo inayokimbiliwa na watoto wa mtaa mzima.

Sasa sikia kilichoharibu. Mwezi uliopita nilimwalika shemeji yangu, kaka yake mke wangu, mwenye duka la vifaa vya ujenzi, aje na mkewe na watoto wao wawili. Watoto wake wamezoea kupelekwa mahali pa maana, lakini walifurahi kuliko wa kwangu. Shemeji naye akaingia kwenye mchezo, labda kupita kiasi, akawa ananiita kwa kupiga vidole, "Weita! Uma huu una doa!" watu wanacheka, nami nainama, nabadilisha uma. Walipomaliza kula, shemeji akachomeka noti chini ya sahani yake. Noti ya kweli. Meneja akaiona, akapiga kelele, "Baba, umepata bakshishi!" Na mimi, mshauri, sijui nikuambieje, mkono ulikwenda wenyewe, miaka kumi na sita ya mazoea, nikaichukua, nikaikunja, nikaitia mfukoni na kusema, "Asante sana, bosi." Sikusema shemeji, nilisema bosi. Nilipoinua macho nikamwona mke wangu amesimama kwenye pazia na mwiko mkononi, ananitazama.

Wageni walipoondoka nilimkuta anaosha vyombo. Nikajaribu kumtania, "Mpishi mkuu, wateja wamesifu." Hakugeuka. Akasema, "Nimechoka na hoteli yako," akaendelea kusugua sufuria.

Jumapili iliyofuata nilitandika meza kama kawaida, watoto wakabisha hodi, wakakaa, wakaagiza. Nikagonga kikombe. Kimya. Nikagonga tena. Nikafungua pazia, jiko limepoa, naye hayupo, amekaa nyuma ya nyumba kwenye beseni lililofudikizwa, haoshi, hafui, amekaa tu. Nikarudi, nikawaambia watoto kila kitu kimeisha. Meneja akacheka akidhani ni ule utani wetu. Mkubwa hakucheka. Alianza kukunjua zile feni za karatasi moja moja, akazilaza zikawa leso za kawaida, akaniambia polepole, "Baba, vua koti."

Naelewa mke wangu aliona aibu. Nani angependa kumwona mumewe akisema asante bosi mbele ya kaka yake, tena ndani ya nyumba yake mwenyewe? Nimefikiria kumrudishia shemeji noti yake na kumwambia asikanyage tena Jumapili. Lakini watoto wananiuliza hoteli itafunguliwa lini, na mimi sina pesa za kuwapeleka kwingine. Je, niifunge nipate amani, au niendelee bila kualika watu wa upande wa mke wangu?

Ni mimi,
Weita wa Nyumbani

*

Weita wa Nyumbani,

Kwanza pole, na sikucheka. Nilicheka kwenye ule utani wa kisichokuwepo, lakini hapo ulitaka nicheke.

Nianze na stahili yako. Ulikuwa na swali la mtoto kooni na mfuko usio na kitu, ukatafuta kitu unachokijua vizuri kuliko watu wote, ukawapa wanao. Wazazi wengi wenye uwezo wanawapeleka watoto kwenye bembea na hawajui kama wanakaa peke yao wakati wa mapumziko. Wewe ulijua, na kesho yake ukaenda shuleni. Kwa hilo usikubali mtu akudharau, hata wewe mwenyewe usijidharau.

Sasa kaa chini nikuseme.

Barua yako nimeisoma mara tatu, mara ya tatu nikiwa na kalamu ya risasi, na nilikuwa natafuta kitu kimoja tu: mkeo anakaa wapi? Nimemkuta jikoni. Nimemkuta nyuma ya pazia. Nimemkuta kwenye vyombo. Nimemkuta juu ya beseni. Mezani sijamkuta hata siku moja. Umeniambia koti lako limebadilika rangi wapi, umeniambia viti ni vingapi na nani alikalia ndoo, lakini mwaka mzima wa Jumapili hujaniambia mama wa watoto hawa aliagiza nini. Unajua kwa nini hujaniambia? Kwa sababu hakuna aliyewahi kumpa menyu.

Mwanamke anashona siku sita. Siku ya saba, ambayo wewe mwenyewe umeniandikia kwamba ndiyo siku pekee mashine inanyamaza, unamgongea kikombe kwa kijiko. Menyu inarefuka, watoto wa mtaa wanaongezeka, chapati zinataka kukandwa na kusukumwa, na sifa zote zinakwenda kwa mwenye koti jeupe. Ukaalika watu wanne zaidi na katika barua nzima sioni mahali ulipomuuliza. Hata huyo shemeji ni kaka yake, damu yake, alikuja nyumbani kwake akala akaondoka, na dada mtu alimwona kupitia upenyo wa pazia!

Alikuambia amechoka na hoteli yako. Wewe ukasikia "nimeona aibu." Kwa nini? Kwa sababu aibu ilikuwa yako, ukamvisha yeye. Labda na yeye aliona aibu, sikatai, wewe ndiye unayeishi naye. Lakini neno alilotumia ni kuchoka, na wewe unayejua kusikia mgeni anataka chumvi kabla hajafungua mdomo, hilo lilikupitaje?

Kwa hiyo shemeji muache. Alizidisha utani, na siku moja, mkiwa wawili tu na bila hasira, mwambie, "Shemeji, ile noti ilinichoma." Yatosha. Kumrudishia ni kuigeuza kuwa kesi, na kesi hiyo atakayeumia ni mkeo, maana mtakuwa mnavutana yeye akiwa katikati. Na kusema asante kazini au nyumbani si dhambi. Usiionee haya kazi inayowalisha wanao.

Hoteli usiifunge, lakini usiifungue bado. Kamtafute mkeo wakati watoto hawapo, muulize: "Ulikuwa unafanya nini nyuma ya lile pazia, na ulikuwa unajisikiaje?" Kisha nyamaza. Usimtanie, usimwite mpishi mkuu, usijitetee. Akisema mambo matano, yasikie yote matano. Na tafadhali usikimbilie kumfanya malkia wa siku moja, ukampikia ukamshangilia halafu wiki inayofuata ukarudia kugonga kikombe. Hilo analijua, atalinusa tangu mlangoni.

Mkiendelea, punguza. Chai na mkate vinatosha kabisa, watoto hawakuja kwa ajili ya chapati. Mkubwa ana miaka kumi na tatu, anaweza kuosha sahani, na hata Meneja afute meza, mameneja wazuri hufanya hivyo. Mgeni asialikwe mpaka wawili mmekubaliana. Na wewe jifunze kupika. Miaka kumi na sita unabeba chakula, umefika wakati ujue kinatoka wapi.

Mshauri wako

*

Mhariri ameniruhusu kuongeza haya. Wiki mbili baada ya jibu lile kutoka, Weita wa Nyumbani aliandika tena, na kwa ruhusa ya mkewe naweka hapa maneno yake kama yalivyo.

"Mshauri, nilimuuliza. Nikajua atalia, hakulia. Akasema, 'Mimi kupika sijachoka. Nimepika tangu nikiwa binti mdogo. Nilichochoka ni kuwasikia mnacheka, halafu mtu anafungua pazia kuniambia lete maharage, na nikiuliza mlicheka nini, mnasema ungekuwepo. Ile siku ya begi niliambiwa baadaye, usiku, kama jirani. Mimi ndiye niliyelishona lile begi.' Mshauri, nilikuwa sijui pa kuuweka uso. Nikamwambia nitampikia, akasema hataki kupikiwa, wali wangu anaujua. Anachotaka ni kuwa mahali watoto wanapochekea. Basi tumeling'oa pazia na kulitoa jiko nje, kwenye kibaraza, tunakaa wote kulizunguka, kila mtu anamenya kitu, hata Meneja anachambua mchele ingawa anachezea kuliko kuchambua. Hakuna meza ya kwanza wala ya pili. Jana zamu ya kusimulia ilimfikia mama watoto kwa mara ya kwanza. Alisema hana la kusimulia, yeye ni mtu wa kushona tu. Watoto wakamng'ang'ania. Akaanza na habari ya mteja mmoja aliyeleta kitambaa cha gauni kisichotosha hata mkono, na tulipokuja kushtuka giza lilikuwa limeingia, sufuria imeungua chini, na hakuna aliyekuwa ameinuka."